Fanksheni ya vipande: utajuaje kama imeungana au imekatika?

Swali limetoka kwa binti mmoja wa Ujiji, yuko kidato cha sita, kaandika meseji ndefu nami naifupisha: "Mwalimu shikamoo. Tumeambiwa fanksheni (kanuni inayotoa jibu moja kwa kila x) haijakatika kama unaweza kuichora bila kunyanyua kalamu. Sasa nimepewa hii, f(x) = x² + 1 pale x ikiwa chini ya 2, na f(x) = 3x − 1 pale x ikiwa 2 au zaidi. Nimechora mara tatu, mara naona vipande vinagusana mara naona kuna kauwazi. Mwenzangu mmoja anasema fomula zikishakuwa mbili imekatika tu, hamna mjadala. Mwingine anasema weka 2 kwenye fomula zote, majibu yakilingana umemaliza. Nani yuko sahihi? Na yale maswali ya tafuta k sielewi kabisa yanatokea wapi."

Marahaba mwanangu. Fanksheni yako haijakatika popote, hilo lichukue kwanza utulie. Mwenzako wa kwanza kakosea kabisa, wa pili kakaribia sana ila njia yake ina sehemu tatu itamwangusha na watunga mitihani wanazijua zote tatu, kwa hiyo nitakaa hapo kwa muda.

Kalamu tuiweke pembeni mapema. Ni picha nzuri ya kumwonyesha mtu kwa mara ya kwanza tunaongelea nini, ila kama hakimu haifai. Chukua hiyo hiyo ya kwako, halafu badala ya 3x − 1 weka 3x − 0.99. Ukiweka 2 unapata 5.01 wakati kipande cha kwanza kinaelekea 5, yaani pengo la 0.01. Kwenye karatasi yako ya grafu ukitumia sentimita moja kwa kila moja, hilo pengo ni sehemu ya kumi ya milimita, mstari wa kalamu yenyewe ni mnene kuliko hapo, utachora unafuta unachora hutaliona maisha yako yote na fanksheni imekatika kweli. Ndo maana wanahisabati Bernard Bolzano kule Prague mwaka 1817 na Augustin-Louis Cauchy kule Ufaransa mwaka 1821 waliacha kutegemea mchoro wakaliandika jambo kwa namba: fanksheni haijakatika mahali fulani kama ukiisogeza x kidogo tu, jibu nalo linasogea kidogo tu, na unaweza kulibana jibu lisogee kidogo kadri utakavyo kwa kuibana x. Hilo ndo wazo zima, mengine yote ni namna ya kulikagua.

Sasa kukagua. We unakaa Ujiji kwa hiyo hii utaiona vizuri. Chukua barabara ya Kigoma mjini kwenda Ujiji, katikati hapo kuna Mwanga. Mtu mmoja anatoka stesheni ya reli anakuja Mwanga, mwingine anatoka Ujiji anakuja Mwanga, na wamepanga wakutane kwa mwenyeji wao anayekaa hapo. Ili wakutane kweli mambo matatu lazima yatimie: wa kwanza anaishia wapi, wa pili anaishia wapi, na mwenyeji mwenyewe kakaa wapi, na sehemu zote tatu ziwe moja. Wageni wanaweza wakafika mlango mmoja wakakuta mwenyeji yuko nyumba ya tatu. Au kila mmoja kafika mlango wake na mwenyeji yuko na mmoja wao. Fanksheni ni hivyo hivyo. Kwenye kiungo x = a, yaani pale vipande vinapokutana, unatafuta limiti ya kushoto, yaani jibu linaelekea wapi ukija kutoka namba ndogo, afu limiti ya kulia, linaelekea wapi ukija kutoka namba kubwa, afu f(a) yenyewe, thamani halisi iliyopo pale. Tatu, sio mbili. Wanafunzi wengi nilioona wanapoteza maksi hapa wanapoteza ile ya tatu.

Tufanye ya kwako. Kushoto kwa 2 anayetawala ni x² + 1. Weka 1.99 unapata 4.9601, weka 1.999 unapata 4.996001, inaelekea 5. Kulia anatawala 3x − 1, weka 2.01 unapata 5.03, weka 2.001 unapata 5.003, nayo inaelekea 5. Halafu f(2), angalia alama ya sawa iko kwa nani, iko kwenye kipande cha pili, basi f(2) = 3 × 2 − 1 = 5. Tano, tano, tano. Wamekutana. Hizo namba za 1.99 na 2.001 nimeziweka ili uone kitu kinavyotembea, kwenye mtihani huna haja nazo, sababu x² + 1 na 3x − 1 ni polinomia (fomula za kujumlisha, kutoa na kuzidisha x na namba tu) na polinomia huwa haikatiki popote, kwa hiyo limiti yake unaipata kwa kuweka namba moja kwa moja. Na hapo ndo nguvu ya njia ya mwenzako wa pili ilipo, inafanya kazi kwa sababu fomula zenyewe ni za kuaminika. Zikiwa sio za kuaminika inamwacha njiani.

Pa kwanza pa kuanguka. Angalia hii: g(x) = 1/(x − 1) kwa x chini ya 2, na g(x) = x − 1 kwa x kuanzia 2. Weka 2 huku unapata 1, weka 2 kule unapata 1, mwenzako anaandika haijakatika anafunga daftari. Lakini kile kipande cha kwanza kina eneo lake, kinatawala kila namba chini ya 2, na ndani ya eneo hilo kuna x = 1 ambapo asili, yaani ile ya chini kwenye sehemu, inakuwa sifuri na grafu inapasuka, upande mmoja inazama chini bila mwisho upande mwingine inapaa juu bila mwisho. Kiungo ni kizima, ila nyumba imeungua ndani. Sasa ifananishe na hii: 3/(5 − x) kwa x chini ya 2, na x − 1 kuanzia 2. Kwenye kiungo napo ni 1 na 1, na fomula ina ugonjwa kwenye x = 5, ila 5 haipo kwenye eneo la kipande hicho, haitaguswa kamwe, kwa hiyo hii haijakatika popote. Ona tofauti ilivyo ndogo kwa macho na ilivyo kubwa kwa jibu. Kabla hujagusa kiungo, pitia kila kipande ujiulize maswali mawili, fomula hii inaumwa wapi, na hapo inapoumwa ni kwake au ni kwa jirani. Magonjwa yenyewe sio mengi: asili kuwa sifuri, kipeuo cha pili cha namba hasi, logi ya sifuri au ya namba hasi, na tan kwenye nyuzi 90 na wenzake.

(Hapa vitabu havikubaliani kitu kimoja nikutahadharishe. Vingine vinasema x = 1 kwenye ile g haimo kwenye domeni (namba ambazo fanksheni inazipokea) basi hatuwezi hata kusema imekatika pale, vingine vinasema imekatika. Usiingie kwenye ugomvi huo kwenye mtihani, andika tu "g haina thamani kwenye x = 1, kwa hiyo si endelevu kwenye namba halisi zote", hiyo ni kweli kwa pande zote mbili. Endelevu maana yake haijakatika.)

Pa pili ni ile alama ya sawa. Fanksheni p(x) = x² + 1 kwa x chini ya 2, 3x − 1 kwa x zaidi ya 2, na p(2) = 7. Ni ile ile yako ila kiungo kimeondolewa kikawekwa peke yake. Kushoto 5, kulia 5, ila mwenyeji yuko kwenye 7. Imekatika, na aina hii tunaiita tundu, sababu ukichora unaona mstari mzima mzuri wenye katundu kamoja na nukta yake imeelea juu. Wakati mwingine hata hiyo nukta haipo, swali linasema chini ya 2 na zaidi ya 2 basi, 2 yenyewe hajapewa mtu. Kwa hiyo kila swali la vipande, kitu cha kwanza jicho lako litafute ni alama ya sawa iko wapi, hata kabla ya kusoma fomula. Tundu lina uzuri wake lakini, linazibika: ukibadilisha hiyo thamani moja ukaweka p(2) = 5 imepona. Ile nyingine ambayo kushoto wanafika 5 na kulia wanafika 8, hiyo ni ngazi, utabadilisha f(2) utakavyo haiponi, maana ukimridhisha wa kushoto umemkosa wa kulia.

Pa tatu, fomula inayokataa namba. m(x) = (x² − 9)/(x − 3) pale x si 3, na m(3) = k. Ukiweka 3 unapata sifuri kwa sifuri, na watu wengi hapo wanaandika "haina limiti". Sio kweli. Sifuri kwa sifuri haisemi hamna jibu, inasema hujamaliza kazi. Vunja juu kwa vigawo, (x − 3)(x + 3), ile x − 3 inakatana na ya chini, na una ruhusa ya kuikata kwa sababu kwenye limiti x inakaribia 3 bila kuwa 3, inabaki x + 3, inaelekea 6. Basi k ikiwa 6 imeungana, ikiwa namba nyingine yoyote ni tundu.

Umeona hapo k imejileta yenyewe. Sasa nikueleze inatokea wapi, na nitatumia kitu ambacho mzazi wako akiwa na ajira ya mshahara kinamgusa kila mwezi.

Hapa Tabora nilikuwa na mwalimu mwenzangu alikuwa na hofu ya kweli kabisa kwamba akipandishwa daraja mshahara wake ukavuka 760,000 atahamia kwenye kodi ya asilimia 25 na makato yataruka, hadi atabaki na hela kidogo kuliko ya sasa. Hofu hiyo nimeisikia kwa watu wengi wenye akili zao. Na swali lake, ukilivua nguo, ni swali lako: hii fanksheni ya vipande imekatika kwenye 760,000 au haijakatika?

Viwango vya PAYE (kodi ya mshahara anayokata mwajiri) vya Tanzania Bara vilivyoanza Julai 2021 viko hivi, kwa mwezi. Mpaka 270,000 hakuna kodi. Kuanzia hapo mpaka 520,000 ni asilimia 8 ya kile kilichozidi 270,000. Kuanzia hapo mpaka 760,000 ni 20,000 jumlisha asilimia 20 ya kilichozidi 520,000. Mpaka 1,000,000 ni 68,000 jumlisha asilimia 25 ya kilichozidi 760,000. Juu ya milioni ni 128,000 jumlisha asilimia 30 ya kilichozidi milioni. Vipande vitano, viungo vinne. Kagua kiungo cha 760,000: kutoka kushoto, kilichozidi 520,000 ni 240,000, asilimia 20 yake ni 48,000, jumlisha 20,000 unapata 68,000. Kutoka kulia, kilichozidi ni sifuri, unabaki na 68,000. Wamekutana. Mwenzangu akipata 770,000 atakatwa 68,000 na 2,500 ya ile elfu kumi iliyozidi, jumla 70,500, mkononi (tukiacha makato mengine) 699,500, wakati kwenye 760,000 alikuwa anabaki na 692,000. Hajapoteza, kaongezeka 7,500. Kama wangekuwa wanatoza asilimia kwenye mshahara mzima, 20 kabla na 25 baada, hapo kodi ingetoka 152,000 ikaruka mpaka 190,000 kwa shilingi moja tu ya nyongeza, na hofu yake ingekuwa halali kabisa.

Sasa hizo 20,000 na 68,000 na 128,000 unafikiri zilitoka wapi? Hakuna aliyekaa akazipenda. Ni k. Kabla ya Julai 2021 kile kipande cha chini kilikuwa asilimia 9, na namba hizo zilikuwa 22,500 na 70,500 na 130,500. Ilipobadilishwa 9 kuwa 8 ikabidi zote tatu zishuke kwa 2,500, kwa sababu asilimia moja ya 250,000 ni 2,500 na bila kuzishusha kiungo cha 520,000 kingekatika. Yani swali la "tafuta k ili fanksheni iwe endelevu" linatokea popote mtu anapotunga kanuni yenye madaraja na hataki mtu aumie kwa kuvuka mstari. Na pale wasipojali hilo unaona tofauti, angalia makato ya kutuma hela kwa simu, yamepangwa kwa madaraja, ndani ya daraja makato ni yale yale, ukizidisha shilingi moja juu ya mpaka yanaruka. Hiyo ni fanksheni ya ngazi na imekatika kwenye kila mpaka.

Basi kutafuta k ni kulazimisha pande zilingane halafu utatue. h(x) = kx + 3 kwa x chini ya 1, x² + 4 kuanzia 1. Kushoto k + 3, kulia 5, k ni 2, imeisha. Zikiwa herufi mbili tafuta viungo viwili: q(x) = x² kwa x chini ya −1, ax + b kutoka −1 mpaka 2, na x + 5 zaidi ya 2. Kwenye −1 unapata −a + b = 1, kwenye 2 unapata 2a + b = 7, toa moja kwenye nyingine, 3a = 6, a ni 2, b ni 3. Umepata milinganyo miwili rahisi tu.

Ila usizoee kwamba k lazima iwepo na lazima iwe moja. Angalia kx + 2 kwa x chini ya 0, na x + 5 kuanzia 0. Kushoto inaelekea 2 haijalishi k ni nini, kwa sababu k imezidishwa na sifuri, kulia ni 5. Hakuna k ya kuokoa hapo, na jibu sahihi ni kuandika hivyo hivyo kwamba hakuna. Au k²x kwa x chini ya 1 na 3k − 2x kuanzia 1: unapata k² = 3k − 2, na k inaweza kuwa 1 au 2, zote mbili halali, ukiandika moja umepoteza nusu.

Kwenye kuandika jibu, usianze na hesabu za kiungo. Sentensi ya kwanza iwe kuhusu ndani ya vipande, mfano "x² + 1 na 3x − 1 ni polinomia, kwa hiyo haina tatizo popote isipokuwa pengine x = 2". Halafu limiti ya kushoto, ya kulia, na f(2), kila moja mstari wake, halafu uzifananishe. Wengine wanaandika tu "5 = 5" katikati ya karatasi wanashangaa maksi zimeenda wapi, msahihishaji hawezi kujua hiyo 5 ni ya nani.

Nirudi kwenye mchoro wako, kwa sababu nadhani najua kilichokuchanganya. Vipande vyako vinagusana kwenye nukta (2, 5) ila haviunganiki kwa ulaini. Kipande cha kushoto kinafika pale na mwinuko wa 4, ukidiferenshieti x² + 1 (yaani ukitafuta mwinuko wake) unapata 2x, ambayo kwenye 2 ni 4, na cha kulia kinaondoka na mwinuko wa 3. Kwa hiyo pana kona, ndogo sana, na ukichora kwa mkono kona ya 4 kwenda 3 inaonekana kama umekosea rula. Ukaifuta, ukarudia, ukaifuta tena. Kona sio kukatika. Ile kodi ya mshahara nayo ina kona nne, kwenye kila kiungo mwinuko unabadilika, na haijakatika hata sehemu moja. Swali likikuuliza kama f yako inadiferenshieti kwenye 2 jibu ni hapana, likikuuliza kama ni endelevu jibu ni ndiyo, na mchoro wako wa kwanza kabisa, ule ulioona vinagusana, ulikuwa sawa.